Safari ya Vijana Wawili wa Katsunuma

Ndugu Wanachama,

Halmashauri ilipotuagiza tuandike habari ya historia kwa ajili ya kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, yamkini wengi walitazamia kwamba tungeandika juu ya maghala, mizani na hesabu za zabibu. Habari hizo zimo katika kurasa nyingine, nazo zimeandikwa na wenzetu wanaozijua vema kuliko sisi. Sisi tumechagua habari ya mbali, nayo ni ya watu wa kijiji kimoja cha Japani waliowapeleka vijana wao wawili Ufaransa kujifunza kilimo cha mizabibu na utengenezaji wa mvinyo. Tumeichagua kwa kuwa Mkutano Mkuu ujao utaombwa kukata shauri juu ya jambo lilo hilo: je, Chama kitenge fedha ya kumsomesha kijana wetu ng'ambo, au kisitenge? Ni haki mwanachama ajue yaliyowapata wengine kabla ya kuinua mkono wake.

Jimbo la Yamanashi liko magharibi ya mji wa Tokyo. Ni bonde lililozungukwa na milima, na upande wake wa kusini umesimama mlima Fuji. Huko, katika sehemu za Katsunuma, wakulima walikuwa na mzabibu wao uitwao Koshu tangu karne nyingi. Matawi yake waliyatandaza juu ya vichanja, mtu akapita chini yake kana kwamba yumo barazani. Zabibu zake zilikuwa za kuliwa, nazo zilichukuliwa hadi mji mkuu kuuzwa. Mvinyo hawakuujua, kileo chao kilikuwa sake, kitengenezwacho kwa mchele.

Mwaka 1868 nchi hiyo iliingia katika utawala mpya, na Serikali ikawahimiza watu waanzishe kazi za viwanda. Miongoni mwa mambo yaliyohimizwa ni mvinyo. Sababu moja ilikuwa nyepesi kueleweka na kila mkulima: mchele uliotiwa katika mapipa ya sake ni mchele uliopungua katika vyungu vya watu, bali zabibu huota hata kwenye miteremko isiyofaa kwa mpunga. Watu wawili wa mji wa Kofu walikuwa wamekwisha kujaribu kutengeneza mvinyo mwanzoni mwa miaka ya 1870, lakini kazi yao haikudumu. Nia walikuwa nayo, zabibu walikuwa nazo. Ujuzi ndio uliokosekana.

Basi mwaka 1877 watu wa Katsunuma wakaunda kampuni ya mvinyo. Haikuwa chama cha ushirika kama chetu. Ilikuwa kampuni ya hisa, kwani sheria ya vyama vya ushirika katika Japani haikutungwa mpaka mwaka 1900. Hata hivyo, jambo lao la kwanza linatupasa tulitazame sana. Kabla ya kutengeneza hata chupa moja, waliwachagua vijana wawili wa sehemu zao, Takano Masanari mwenye umri wa miaka 25, na Tsuchiya Ryuken mwenye umri wa miaka 19, wakawapeleka Ufaransa kwa gharama ya kampuni.

Vijana hao waliwekeana mkataba na kampuni, nao ulikuwa mgumu. Walipewa muda wa mwaka mmoja. Asiyeweza kuhitimu kazi katika mwaka huo, ilimpasa aendelee kujifunza kwa fedha yake mwenyewe. Walisafiri mwezi wa Oktoba 1877, wakiongozana na Maeda Masana, mtumishi wa Serikali aliyekuwa ameishi Ufaransa miaka kadhaa, naye alikuwa akienda Paris kwa ajili ya Maonyesho Makubwa ya mwaka 1878. Bila mtu wa namna hiyo, aliyeijua lugha na desturi za wenyeji, hatuoni jinsi ambavyo wakulima wawili wangeweza kugonga mlango wa mtu yeyote katika nchi ile.

Walifikia katika mji wa Troyes, kusini mashariki ya Paris. Mwalimu wao mmoja alikuwa Charles Baltet, mwenye bustani ya miche iliyosifika, aliyekuwa mtaalamu wa kupandikiza miti. Mwingine alikuwa Pierre Dupont, mkulima wa mizabibu na mtengenezaji wa mvinyo. Huko walijifunza kupogoa, kupandikiza, kukamua, kuutunza mvinyo katika mapipa, na kazi zote ambazo mtu hazijui kwa kusimuliwa, ila kwa kuzitia mkono. Mfaransa alikuwa na siri zake za biashara kama mfanya biashara yeyote, lakini walipokelewa na kufundishwa. Ni kweli wasemavyo wazee wetu, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini safari hii aliyepona ni mgeni.

Sasa na tuutazame ule mwaka mmoja wa mkataba. Mtu atokaye Japani kwa meli mwezi wa Oktoba, katika siku zile, alifika Ufaransa wakati majira ya baridi yanaingia. Mavuno ya zabibu yamekwisha, na mzabibu umelala bila jani. Mavuno yafuatayo ni ya Septemba na Oktoba ya mwaka wa pili, yaani wakati uo huo mkataba unapokoma. Kwa hiyo mwaka waliopewa ulitosha kumwonyesha kijana zabibu zikiingia shinikizoni, lakini haukutosha kumwonyesha mvinyo ukikomaa. Waliouandika mkataba ule waliuhesabu mwaka wa vitabu vya fedha, wakausahau mwaka wa mzabibu. Vijana wakaona kwamba wakirudi kwa wakati watarudi na elimu nusu. Wakakaa zaidi, wakarejea kwao mwezi wa Mei 1879, baada ya mwaka mmoja na nusu na zaidi.

Masika ya zabibu ya mwaka huo huo wa 1879 kampuni ikaanza kutengeneza mvinyo, ikatumia zabibu za Koshu zilizokuwapo, maana mtu hawezi kungoja miche ya kigeni ikue huku wenye hisa wakimtazama. Hapo, ndugu, ndipo msomaji anapotazamia kusikia kwamba kampuni ilistawi. Haikustawi. Wajapani wa siku zile hawakuzoea ladha ya mvinyo mkavu. Wengi walipenda ule uliotiwa sukari na wafanya biashara wengine. Kuna mvinyo ulioharibika, na kuna uliokosa mnunuzi. Tena miaka ile ya 1880 ilikuwa ya dhiki ya fedha katika nchi nzima. Mwaka 1886 kampuni ikavunjwa.

Kama tungeifunga hesabu hapo, tungesema kwamba fedha ya masomo ilipotea bure. Lakini hesabu ya elimu haifungwi pamoja na hesabu ya kampuni. Tsuchiya alishirikiana na Miyazaki Kotaro, mtu wa sehemu zao, wakavichukua vyombo vya kampuni iliyokufa, wakaendelea kutengeneza mvinyo na kufungua duka Tokyo ili kuuza. Baadaye kila mmoja akashika njia yake. Mwaka 1891 Tsuchiya akaanzisha kiwanda chake, nacho kipo mpaka leo kwa jina la Maruki. Miyazaki akajenga kiwanda kingine mwaka 1904, na jengo lake la mbao limehifadhiwa kama nyumba ya makumbusho ya mvinyo. Takano naye akatoa kitabu juu ya zabibu mwaka 1890, ili asiyeweza kupanda meli asome alichokiona yeye aliyepanda. Yamanashi leo ni jimbo linalojulikana kwa mvinyo kuliko majimbo yote ya Japani, na mwaka 2010 jina la zabibu ya Koshu liliandikishwa na Shirika la Kimataifa la Mizabibu na Mvinyo. Toka safari ya vijana wale hadi siku hiyo ni miaka 133.

Sasa tunaomba radhi turudi nyumbani, maana kuna habari yetu wenyewe ambayo si njema kuificha katika kijitabu cha sherehe.

Wanachama wa zamani watakumbuka kwamba katika mwaka wa nne wa Chama hiki tulimpeleka kijana mmoja, mtoto wa mwanachama, kusoma mambo ya zabibu. Hakwenda ng'ambo, alikwenda chuo cha humu nchini, kwa muda wa miezi tisa. Alirudi anajua kupima sukari ya zabibu kabla ya kuvuna, na anajua kwa nini zabibu zikikaa juani siku mbili juu ya lori mchuzi wake huchacha kabla haujafika kiwandani. Alituomba kipimo, matangi safi, na ruhusa ya kuwakataza wakulima kuvuna kabla ya siku. Kipimo hatukununua, kwa sababu hakikuwamo katika makadirio ya mwaka. Matangi hatukununua. Ruhusa ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko vyote, kwani nani miongoni mwetu alitaka kumwambia mzee mwenye deni dukani kwamba asivune? Tukamweka kijana yule katika chumba cha mizani, akaandika stakabadhi. Baada ya miezi minane akapata kazi pengine, akaenda.

Katika kumbukumbu za Halmashauri tuliandika kwamba "kijana amekosa shukrani." Maneno hayo tuliyaandika sisi kwa mkono wetu. Leo tunayaona kuwa si ya haki, na tumeona vema tuseme hivyo hapa, palipo hadhara ya wanachama wote. Mkataba wetu ulimfunga yeye arudi. Haukutufunga sisi tumpokee.

Tofauti ya habari hizi mbili ndiyo hiyo. Tsuchiya hakuzuiliwa Katsunuma na karatasi, maana kampuni aliyotia sahihi nayo ilikuwa imekufa. Alizuiliwa na mizabibu ya majirani, na vyombo vilivyoweza kutumika, na mwenzake aliyekuwa tayari kuingia hasara pamoja naye. Vitu hivyo vitatu vikiwapo, elimu huota hata juu ya kaburi la kampuni. Vikikosekana, elimu huondoka na kipande cha nauli.

Wako wasemao: kwa nini tuhangaike na ng'ambo, ilhali tuna kituo cha utafiti cha Makutupora karibu nasi? Hoja hiyo ina uzito, wala hatuidharau. Mambo mengi ya shamba yanajifunzwa papa hapa kwa gharama ndogo, tena kwa mwalimu anayeijua ardhi ya Dodoma, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wenzetu wa Ulaya hawalijui. Lakini tusisahau kwamba mzabibu wenyewe uliletwa Dodoma na wasafiri, mapadre wa Kiitalia wa Bihawana, katika miaka ya 1950. Na katika siku zetu mlango wa ng'ambo si mwembamba kama wa mwaka 1877. Yako masomo ya uzamili ambayo mwanafunzi huanza katika mji wa Montpellier, Ufaransa, kisha mwaka wa pili huhamia chuo kikuu cha nchi nyingine ya Ulaya, kama Italia, Ujerumani, Hispania au Ureno. Na wako waombaji kutoka nchi za mbali waliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya. Kijana wetu mwenye shahada anaweza kushindana nao. Kwa hiyo pengine fedha ya Chama isihitajiwe kwa ada, ila kwa mambo ambayo mfadhili hayatoi: maandalizi ya safari, na hasa maandalizi ya marejeo.

Kwa hayo, tunaleta mbele ya Mkutano Mkuu mapendekezo manne. Kwanza, muda wa masomo uhesabiwe kwa mavuno, wala si kwa mwaka wa hesabu zetu. Kijana ayaone mavuno yasiyopungua mawili, na mvinyo wa mavuno ya kwanza auonje kabla ya kurudi. Pili, kabla ya jina la msafiri kutajwa, makadirio ya vyombo atakavyovitumia akirudi yawe yamekwisha kupitishwa. Tatu, kila alipo aandike daftari kwa Kiswahili, nalo liwe mali ya Chama, lisomwe katika vyama vya msingi. Nne, achaguliwe kwa kazi ya shamba lake na matokeo ya shule yake, si kwa jina la baba yake. Na watoto wa sisi watumishi wa Chama wasiwemo katika uchaguzi wa kwanza.

Tunajua kwamba pendekezo la pili ndilo litakaloleta ubishi, maana vyombo ni ghali, na mwanachama huona afadhali fedha hiyo iongezwe katika bei ya kilo. Hatuna jawabu jepesi. Tunasema tu kwamba fedha ya kijana wa kwanza tumekwisha kuilipa, na faida yake inavunwa na wengine. Kupotea njia ndiko kujua njia. Lakini aliyeijua njia kwa kupotea, akipotea tena pale pale, hana wa kumlaumu.

Kijana yule tulimwandikia barua mwezi uliopita. Hatukumwomba arudi, kwa kuwa hatuna bado cha kumpa. Tulimwomba atuandikie orodha ya vyombo alivyovitaka siku ile, pamoja na bei zake za sasa. Orodha imefika. Ina kurasa mbili, imepigwa chapa vizuri, na mwishoni ameandika kwamba kipimo cha sukari anacho kimoja cha zamani, nasi tunaweza kukichukua bila malipo tukipenda. Orodha hiyo itabandikwa mlangoni pa ofisi hadi siku ya Mkutano, ili kila mwanachama aisome mwenyewe.

Sisi wenu katika ushirika,
Katibu