Mahali pa Kutua Mzigo: Kambi za Kiangazi kati ya Kabambare na Kasongo

Mvua zikishakatika kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, kuelekea mwezi Juni, njia hufunguka. Mito hupungua, matope hukauka, nyasi zilizokuwa zikimfunika mtu hadi kichwani huchomwa moto, na aliyekuwa amengoja miezi mingi hufunga mzigo wake. Katika miaka ya 1870 na 1880 huo ndio uliokuwa msimu wa msongamano. Misafara iliyovuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji ilishukia Mtowa, ikapanda milima ya upande wa magharibi, ikafika Kabambare karibu na mto Luama, kisha ikaelekea Kasongo na Nyangwe kwenye bonde la Lualaba. Mingine ilikuwa ikirudi kwa njia hiyo hiyo, imebeba pembe za ndovu na kuwaswaga mateka waliofungwa kongwa shingoni. Ilipofika saa ya kutua wakuu wa misafara hiyo wote walitafuta kitu kimoja: mahali penye maji na kuni, pasipo na fujo, ambapo msafara mwingine haujatangulia.

Siku hizi shughuli kama hiyo huwakuta Wazungu wa Ulaya kila Julai na Agosti. Shule zikifungwa, familia huingia katika magari yenye vitanda na majiko ndani, na kila mmoja anataka ufuo au bonde ambalo jirani hajaligundua. Starehe hiyo ina umri unaojulikana. Mwaka 1885 daktari na mwandishi wa Uskoti, Gordon Stables, alitengenezewa gari la kuvutwa na farasi aliloliita The Wanderer, linalohesabiwa kuwa la kwanza kuundwa kwa ajili ya matembezi tu. Mwaka huo huo wa 1885 mataifa ya Ulaya yalimtambua mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kuwa mwenye dola la Kongo, na ardhi ya Kasongo na Kabambare ikachorwa ndani ya ramani yake kabla afisa wake hata mmoja hajatawala huko.

Nyumba ya magurudumu haikufika Maniema, ingawa wapo waliojaribu kuisogeza upande huo. Mmishonari na mpelelezi David Livingstone aliijua vizuri. Mwaka 1849 alivuka Kalahari hadi Ziwa Ngami kwa magari ya ng'ombe, na mwaka uliofuata akarudi njia hiyo pamoja na mkewe na watoto, wakilala ndani ya gari. Alipoanza safari yake ya mwisho mwaka 1866 kutoka pwani ya kusini ya Tanzania ya leo, alichukua ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, nyumbu na punda, aone kama wangeistahimili mbung'o. Wanyama hao wakafa. Miaka kumi baadaye mmishonari Roger Price, aliyekuwa amezoea magari ya ng'ombe kusini mwa Afrika, alisafiri na ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, akaamini njia imepatikana. Chama chake, London Missionary Society, kikatuma magari mwaka 1877. Ng'ombe walikufa mmoja baada ya mwingine, magari yakaachwa, na wamishonari walioingia Ujiji Agosti 1878 walifika kama walivyofika wengine wote, nyuma ya wapagazi.

Basi magharibi mwa ziwa nyumba ya msafiri ilibebwa kichwani. Hema la mkubwa, sufuria, mikeka, vitambaa na shanga za kununulia chakula, vyote vilikuwa juu ya vichwa na mabega ya watu. Kirangozi ndiye aliyetangulia na bendera, na wanyapara walisimamia mafungu ya wapagazi. Wanawake wa msafara, ambao vitabu vingi vya wasafiri huwataja kwa mstari mmoja tu, ndio waliobeba vyungu na kutwanga posho ya jioni baada ya kutembea masafa yale yale. Walipotua, mizigo ilipangwa pamoja katikati ilindwe. Kisha kila kikundi kilichokula chungu kimoja kiligawana kazi: huyu akate miti, huyu akate nyasi za kuezekea kibanda, huyu ashuke mtoni, huyu akokote kuni. Palipokuwa na hofu, boma la miiba lilizunguka kambi kabla ya giza.

Katika kiangazi vibanda vya msafara uliotangulia vilikuwa kishawishi kikubwa. Mtu aliyechoka hukuta kambi imekwisha kujengwa, karibu na maji, anaingia na kulala. Lakini Richard Burton, aliyepita njia ya kati ya Tanganyika mwaka 1857, alikwisha kuzieleza kambi hizo kuu za njiani kuwa zimejaa wadudu na huwaka moto kwa urahisi, na ndui ilisafiri na misafara kutoka kambi moja hadi nyingine. Msafiri mwenye hekima alipita kambi iliyozoeleka, akaenda mbele mpaka apate maji mengine. Kama maji hayakuwapo, kulikuwa na terekeza: kula mapema, kujaza vibuyu, kutembea mchana wa jua kali, kulala porini pakavu na kufikia maji asubuhi ya pili. Nguvu za mpagazi zilikuwa na mpaka, na mipaka hiyo iliandikwa hata katika mikataba. Msafiri Henry Morton Stanley alipokubaliana na mfanyabiashara Tippu Tip mwaka 1876 amsindikize kutoka Nyangwe, anasema, bei ilikuwa dola 5,000 kwa vituo 60, na kila kituo kihesabiwe kuwa mwendo wa saa nne.

Masika yalikuwa na kambi zake pia, na hizo zilidumu. Livingstone alifika Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, mwezi Septemba 1869. Mvua zilipomzidi mwanzoni mwa mwaka 1870 alijisitiri katika kambi ya mfanyabiashara aliyemwita Katomba, huko Mamohela, akakaa mpaka Juni. Alipotoka kutafuta tena Lualaba, wengi wa watu wake walikuwa wamemwacha. Waliobaki naye walikuwa watatu, Susi, Chuma na Gardner. Vidonda vya miguu vikamrudisha Kabambare tarehe 22 Julai, katikati ya kiangazi, wakati ambao wenye miguu mizima walikuwa njiani. Hakutoka kibandani mwake hadi tarehe 10 Oktoba. Siku themanini! Alisaga jiwe la kijani lenye shaba, akalikoroga na maji na kupaka kidonda kwa unyoya. Mfanyabiashara Muhammad bin Gharib, aliyekuwa amemwuguza hata kabla ya kuvuka ziwa, alikuwa miongoni mwa waliomtunza. Livingstone mwenyewe aliandika kwamba akiwa Maniema aliisoma Biblia yote mara nne.

Karatasi zilimwishia, akawa anaandika juu ya vipande vya magazeti na kurasa za vitabu, kwa wino wa rangi ya mimea. Barua moja aliyoiandika Kabambare mwezi Februari 1871 ilififia kiasi kwamba haikusomeka yote mpaka mwaka 2010, wataalamu walipoipiga picha kwa mianga ya aina mbalimbali. Kwa hiyo Kabambare, mji ambao Wakongo wengi hawajawahi kuukanyaga, unajulikana katika maktaba za dunia kama mahali ambapo msafiri aliyezoea kwenda alilazimika kukaa. Aliondoka tarehe 16 Februari 1871, siku chache baada ya watu wapya waliotumwa kutoka pwani kumfikia.

Hapa ndipo habari ya utulivu inapogeuka kuwa nzito. Njiani kati ya Kabambare na Lualaba, Livingstone na waliomfuata walikutana mara nyingi na vijiji vya kupendeza, nyumba zimepangwa kwa mistari, mashamba ya migomba na mihogo yamestawi, na hakuna mtu. Wenyeji walikuwa wamekwisha kusikia baragumu au bunduki, wakachukua watoto na mbuzi wakaingia msituni. Msafara ulilala katika nyumba zao, ukala mihogo yao, na asubuhi ukaondoka. Msafiri aliyesifu kambi tulivu hakuwa na budi kujua imetulizwa na nini. Kwa Wabangubangu, Wazimba, Wakusu na majirani zao, kiangazi ndicho kilichokuwa kipindi cha kutafuta mahali pa siri, mbali na njia, penye maji ambayo kirangozi hayajui. Elimu ya kupata sehemu isiyofikiwa na watu ilikuwa elimu yao kwanza, na waliilipia kwa njaa na kwa kuzika watoto porini. Mwandishi yeyote anayesimulia misafara kwa kuhesabu pembe na mizigo, akauacha upande huu, ameacha nusu ya historia.

Zilikuwapo sehemu ambazo amani ililindwa kwa mapatano. Soko la Nyangwe lilikusanya maelfu, wengi wao wanawake waliovuka mto kwa mitumbwi wakiwa na samaki, chumvi, vyungu na mafuta ya mawese, na siku ya soko hata mahasimu waliuziana. Tarehe 15 Julai 1871, kiangazi kimekolea na soko limejaa, watu wa wafanyabiashara waliwafyatulia bunduki. Waliouawa na waliozama Lualaba walikisiwa kati ya 330 na 400. Livingstone alikuwapo, akaona. Hakukaa tena; alirudi Ujiji, ambako Stanley alimkuta kabla mwaka haujaisha.

Kasongo ilikua baada ya hapo. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammad el Murjebi, aliufanya mji huo kuwa makao yake tangu katikati ya miaka ya 1870, na kwa wapagazi waliotoka Ujiji ulikuwa mwisho wa vibanda vya nyasi. Sidney Hinde, daktari aliyeingia humo tarehe 22 Aprili 1893 na jeshi la dola la Leopold lililoongozwa na Dhanis, alishangaa kuona askari wa kawaida wakilala juu ya magodoro ya hariri, katika vitanda vya kuchongwa vyenye vyandarua. Mashamba ya mpunga, miembe, michungwa, mipera na mikomamanga yaliuzunguka mji. Starehe hiyo yote ilikuwa imejengwa na mikono ya waliotekwa. Kabambare, iliyokuwa mikononi mwa watu wa mfanyabiashara Rumaliza, ilianguka Januari 1894, na njia ya misafara ikabadili wenyewe.

Kilichofuata hakikuwaondolea wenyeji mzigo. Afisa wa kikoloni alisafiri akiwa amebebwa kwa kipoyi, na serikali ikajenga nyumba za kupumzikia kandokando ya njia, zenye paa la nyasi na baraza, ili mzungu asikose pa kulala. Kijiji jirani ndicho kilichofagia uwanja, kikaleta maji, kuku na mayai. Reli ya Kindu hadi Kongolo ilimalizika mwaka 1911, nayo ilipita ng'ambo ya magharibi ya Lualaba, na ile ya Kabalo ikafika ziwani mwaka 1915. Shehena zikahamia huko, Kabambare ikabaki pembeni. Kuanzia mwaka 1917 kilimo cha pamba cha lazima kilienea Maniema, na vijiji vilisogezwa barabarani ili mkaguzi avihesabu bila kushuka njia. Watu waliokuwa wamejifunza kwa zaidi ya miaka arobaini kukaa mbali na barabara waliamriwa kujenga juu yake.

Ndiyo maana kila vita vilipozuka, barabara ilikuwa ya kwanza kuhamwa. Ilikuwa hivyo katika uasi wa Simba wa mwaka 1964, na ikawa hivyo tena katika vita vilivyoanza 1998. Mwandishi wa Kiingereza Tim Butcher alipoifuata njia ya Stanley mwaka 2004, kutoka Kalemie kupitia Kabambare hadi Kasongo, ilimbidi aende kwa pikipiki, kwa sababu barabara ambazo wazee walikumbuka zikipitisha magari zilikuwa zimekuwa vijia msituni. Leo mizigo ya pande hizo husafiri kwa pikipiki na kwa baiskeli zinazosukumwa, na mwenye baiskeli hufanya hesabu ile ile ya mpagazi: mto uko wapi, nani atanipokea, giza litanikuta wapi. Upande wa Salamabila, kwenye dhahabu ya Namoya, makundi yenye silaha yamewatesa raia kwa miaka mingi, na hapo hakuna wa kushauri mtu aende kutafuta mapumziko.

Hata hivyo, amani ikikaa, hakuna sababu ya njia hii kubaki bila alama. Bagamoyo na Ujiji zina makumbusho na mabango ya njia ya misafara. Nusu yake ya magharibi, ambako damu nyingi ilimwagika, haijapewa heshima inayolingana nayo. Tongoni, mahali pa mji wa Tippu Tip, panastahili kulindwa na kuelezwa kwa Kiswahili cha watu wa Kasongo wenyewe. Wakuu wa maeneo ya Kasongo na Kabambare, shule za sekondari na misikiti na parokia, wana wazee walioambiwa na babu zao kijiji kilijificha bonde gani na maji yalichotwa wapi usiku. Masimulizi hayo yarekodiwe sasa, kijiji kwa kijiji, na majina ya maficho yaandikwe katika ramani pamoja na majina ya kambi. Na msafiri atakayefika huko siku moja, awe na hema au gari la kulalia, aanze kwa kupiga hodi kwa chifu kabla ya kushusha chochote.