Kabla ya Simbu kulikuwa na Shahanga

Mkongwe wa soka wa Arusha atakutajia kikosi cha AFC cha zamani mpaka wachezaji wa akiba. Kikosi changu mimi hakina kipa. Ni cha wakimbiaji, na kina masharti mawili tu: mtu awe mzaliwa wa Arusha ya zamani, ile iliyokuwa na Mbulu, Hanang na Babati ndani yake kabla ya Mkoa wa Manyara kuzaliwa mwaka 2002, tena awe ameshatundika viatu.

Nahodha hana ubishi. Filbert Bayi wa Karatu alikuwa na miaka 20 alipopanga mstari na wenzake Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, kwenye fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Siku hizo mbio hizo zilikuwa za kuviziana: watu wanakwenda kwa kundi, wanasikilizia kengele ya mzunguko wa mwisho, ndipo wanafyatuka. Bayi alifyatuka bastola ilipolia. Mita 400 za kwanza alizimaliza chini ya sekunde 55, mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 52, kundi likiwa limebaki nyuma linatazamana. Mwishoni John Walker, mwenyeji, alikuja kama mshale huku uwanja mzima ukimsukuma. Hakumfikia. Dakika 3:32.16, rekodi ya dunia. Walker naye alivunja rekodi ya zamani ya Jim Ryun siku hiyohiyo, akaondoka na fedha. Mwaka uliofuata, mjini Kingston, Jamaika, Bayi akachukua na rekodi ya maili kwa dakika 3:51.0.

Dunia ikawa inasubiri marudiano yao kwenye Olimpiki ya Montreal 1976, na hapo raga ikaingilia kati. Timu ya taifa ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, nchi za Afrika zikataka New Zealand ifungiwe, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakataa, na Tanzania ikawa miongoni mwa zilizogoma kwenda. Walker alishinda dhahabu kwa dakika 3:39 na ushee, mwendo ambao Bayi asingeuruhusu. Wapo wanaokumbusha kwamba Bayi alikuwa ameugua malaria kipindi kile. Sawa, lakini mgomo ule ulikuwa wa haki na bado unauma. Moscow, mwaka 1980, aliongoza mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji kwa mtindo wake uleule, mpaka Bronisław Malinowski wa Poland akampata kwenye mzunguko wa mwisho. Medali ya fedha.

John Stephen Akhwari wa Mbulu anajulikana dunia nzima kwa kuchechemea. Mexico 1968 alianguka, goti likafungwa bendeji, akamaliza marathoni wa mwisho, nafasi ya 57, giza limeshaingia. Namheshimu kwa hilo, ila nadhani tumemdhulumu kwa kuisimulia siku hiyo peke yake. Miaka miwili baadaye, Edinburgh, alikuwa wa tano kwenye marathoni ya Jumuiya ya Madola kwa saa 2:15:05. Huyo hakuwa mtu wa kuhurumiwa.

Sasa nije kwa kipenzi changu, Gidamis Shahanga wa Katesh. Edmonton, Kanada, 1978: kijana asiyejulikana na mtu anampita Jerome Drayton, Mkanada, mbele ya Wakanada wenzake, anashinda marathoni ya Jumuiya ya Madola kwa saa 2:15:39. Miaka minne baadaye, Brisbane, Australia, akashusha umbali akachukua dhahabu ya mita 10,000, Zakaria Barie akiwa wa pili. Watanzania wawili walitenganishwa na chini ya nusu sekunde. Mtu mwenye busara angepumzika. Shahanga siku chache baadaye alikuwa tena barabarani kwenye marathoni, yeye na Juma Ikangaa, wakaondoka na kuwaacha wenzao mbali kabisa. Robert de Castella wa Australia akawafukuza. Shahanga aliishiwa pumzi akamaliza wa sita. Ikangaa alipambana mpaka mwisho, akakosa dhahabu kwa sekunde 12 tu. Kwangu, mbio zile alizoshindwa zinamweleza Shahanga kuliko medali zake mbili.

Ukiamka alfajiri ukasimama barabara ya Ngaramtoni, Mlima Meru ukiwa bado mweusi nyuma yako, utaelewa kidogo walikotoka watu hawa. Wanapita wanne, watano, kimya, jaketi zimefungwa kiunoni, mvuke unatoka mdomoni, na konda wa kifodi anawapigia mluzi. Jiji liko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Mbulu iko juu zaidi. Mapafu yanajifunza mapema huku. Lakini hewa nyepesi haimfundishi mtu kutangulia mbele ya mabingwa wa dunia. Hilo waliliamua wenyewe.

Namba ya mwisho kikosini ni Fabiano Joseph, aliyeshika nafasi ya pili mara mbili mfululizo kwenye nusu marathoni ya dunia, mwaka 2003 na 2004, kisha akashinda 2005. Wapi? Edmonton, mji uleule wa Shahanga.

Alphonce Simbu, anayefanya mazoezi hapahapa Arusha, aliiletea Tanzania dhahabu ya kwanza ya Mashindano ya Dunia ya Riadha, Tokyo, Septemba 2025, kwa tofauti ya sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Anastahili kila shangwe, ila bado anakimbia, kwa hiyo simpangi. Na anayetaka kumwondoa Shahanga kwenye kikosi hiki aje kwanza na Mtanzania mwingine mwenye dhahabu ya Jumuiya ya Madola ya uwanjani na ya barabarani pia.