Homa Moja, Mji Mmoja, Dawa Mbili



Busia ni mji mmoja kwa jina, lakini mpaka umeugawa kati ya Kenya na Uganda. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili. Wilaya ya Busia ya Uganda yenyewe ilikuwa sehemu ya Tororo hadi mwaka 1997. Malaria nayo ni ile ile huku na kule.

Kwa miongo mingi pande zote zilitegemea klorokwini, iliyomezwa kwa siku tatu. Wengi wetu tunaukumbuka uchungu wake na jinsi ilivyowasha mwili. Kufikia miaka ya 1990 vimelea vilikuwa vimeizoea. Mwaka 1998 Kenya ikaiacha na kuchukua Fansidar na dawa za aina yake, zinazomezwa mara moja tu. Uganda ikabaki na klorokwini hadi mwaka 2000, ilipoamua kuzitoa zote mbili pamoja. Kwa muda huo, homa moja katika mji mmoja ilikuwa na dawa mbili.

Hebu tufikirie kazi ya muuguzi wa miaka hiyo. Mama amevuka mpaka na mtoto mwenye homa, anasema, "Dawa amekwisha kumeza." Dawa gani? Lini? Vidonge vingapi? Klorokwini ikizidi huweza kumuua mtoto. Fansidar ina salfa, na asiyepatana na salfa anaweza kubabuka ngozi vibaya sana. Basi muuguzi akiuliza sana, asionekane mdadisi. Wauguzi hufundishwa kuhakikisha mambo matano: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo, na wakati ndio. Mama asiposema kweli, muuguzi hawezi kuyahakikisha.

Mwaka 2004 nchi zote mbili ziliamua kuhamia artemetha-lumefantrini, ambayo wengi huijua kwa jina la Coartem, na mwaka 2006 ikaanza kutolewa katika vituo vya serikali. Dawa ikawa moja, lakini hesabu ikaongezeka. Ni dozi sita kwa siku tatu. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 humeza kidonge kimoja kila dozi. Mwenye kilo 35 na zaidi humeza vinne. Akianza saa mbili asubuhi, dozi ya pili ni saa kumi jioni, karibu na Alasiri. Kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Imezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, au maziwa.

Hapo ndipo pana funzo la historia hii. Fansidar ilimezwa yote mbele ya muuguzi, kazi ikaisha. Siku hizi muuguzi huweza kushuhudia dozi ya kwanza tu. Tano zilizobaki tunaondoka nazo sisi. Nyumbani, muuguzi ni mzazi.

Nasi tunafanyaje? Homa ikishuka siku ya pili, vidonge tunavifunga kwenye kitambaa tukimwekea mdogo wake. Mgonjwa hakumaliza dawa yake, na mdogo atapewa kipimo kisicho chake. Vimelea visivyokufa vyote hupata nafasi ya kuizoea dawa. Mwaka 2021 watafiti walithibitisha kaskazini mwa Uganda kwamba baadhi ya vimelea vimeanza kustahimili dawa za jamii ya artemisinini. Klorokwini ilitutoka hivyo hivyo, pole pole.

Dawa ya mtoto ni amana. Tuihesabu mpaka kidonge cha mwisho, na tukiulizwa kituoni tuseme kweli yote.