Usalama wa Watoto Majini: Mwongozo kwa Familia za Karagwe na Kyerwa

Wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, hazina ufukwe wa Ziwa Victoria, lakini hazikosi maji. Mto Kagera unapita katika mipaka yake na nchi jirani, na Ziwa Rwakajunju lipo Karagwe. Aidha, wakati wa likizo baadhi ya familia husafiri hadi Bukoba kupumzika ufukweni. Hapo mtoto aliyezoea kijito cha nyumbani hukutana na mawimbi na kina asichokijua. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na takriban robo yao walikuwa watoto wenye umri wa chini ya miaka 5. Zaidi ya vifo 9 kati ya 10 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Tofauti na inavyodhaniwa, mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele wala kupunga mikono. Mdomo wake huzama na kuibuka, akakosa nafasi ya kuita. Yote hayo huweza kutokea kwa muda mfupi, watu wazima wakiwa hatua chache tu kutoka alipo.

Kabla ya kuingia majini

Familia iteue mtu mzima mmoja wa kuwaangalia watoto, asiyekunywa pombe wala kushughulika na simu. Akichoka, amkabidhi mwingine kwa kumtaja jina. Pasipo makabidhiano hayo, kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia. Mtoto mdogo awe karibu kiasi cha kufikiwa kwa mkono.

Waulizwe wenyeji kuhusu kina, mamba, viboko na kichocho. Mpira wa kujazwa hewa si kifaa cha uokoaji, kwa kuwa upepo huweza kuusukuma hadi kwenye kina kirefu. Katika mtumbwi au boti, kila abiria avae jaketi okozi linalomtosha.

Mtoto anapozama

Asiyejua kuogelea asijitose, kwani mwokoaji naye huweza kuzama. Aite msaada, kisha amrushie mtoto kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko, au amnyooshee mti mrefu. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana bila malipo kwa namba 114.

Mtoto akitolewa majini bila kupumua, asining'inizwe kichwa chini wala kukandamizwa tumbo ili atoe maji; kufanya hivyo hupoteza muda. Alazwe chali, kichwa kiinuliwe kidevu, apuliziwe pumzi 5, kisha kifua kikandamizwe mara 30 na kufuatiwa na pumzi 2, kwa kurudia hadi apumue au msaada ufike. Hata akizinduka, apelekwe kituo cha afya, kwa kuwa matatizo ya kupumua huweza kujitokeza baadaye.

Nyumbani pia

Hatari haiishii ufukweni. Visima na mashimo ya maji yafunikwe au yazungushiwe uzio, ndoo zisiachwe na maji karibu na mtoto anayetambaa, na watoto wasitumwe peke yao kuchota maji mtoni. Kifaa cha kwanza cha uokoaji ni jicho la mzazi.