Mazishi ya Meli

Tarehe 27 Agosti 1896, mizinga ya manowari za Kiingereza iliizamisha Glasgow katika bandari ya Unguja, mbele ya kasri la Sultani. Meli hiyo iliundwa Uskochi kwa amri ya Sayyid Barghash, ikafuata mfano wa manowari ya Kiingereza yenye jina hilohilo. Vita vyenyewe havikutimia saa moja, lakini maiti ya meli ilikaa bandarini miaka 16. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji, ikionwa na kila aliyeingia na aliyetoka, mpaka mwaka 1912 ilipovunjwa na mabaki yake kutupwa baharini. Kwa desturi ya zama zile, hayo yalitosha kuitwa mazishi: njia ya vyombo imefunguka, na bahari imekabidhiwa kilichobaki.

Watu wa pwani hawakuwa wageni wa kifo cha vyombo. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nao walijua kwamba chombo chenyewe pia kina marejeo yake. Jahazi lilipwelezwa ufukweni wakati wa bamvua, maji yakalikimbia, likakwanguliwa, likakalafatiwa, likapakwa shahamu na chokaa, kisha bamvua jingine likalirudisha majini. Lilipochoka kabisa, mbao zake ziligeuka milango, viti na kuni. Jahazi halikuwa na siri mbavuni mwake ila mbao, misumari, pamba na mafuta ya papa. Aliyelivunja hakuhitaji sheria ya kumlinda nalo.

Meli ya chuma ya karne ya 20 ni kiumbe wa namna nyingine. Mabomba na matangi ya mvuke yalivikwa asbesto ili kuzuia joto na moto. Nyaya na mitambo ya umeme ilitiwa mafuta yenye sumu isiyooza. Rangi zilichanganywa risasi, na zile za chini ya maji zilitiwa dawa ya kuua chaza na viumbe wengine wanaogandamana na chombo. Maadamu meli inaelea, sumu hizo zimelala. Huamka siku meli inapokatwa. Nyuzi za asbesto, nyembamba kuliko unywele, huingia katika pafu la mkataji na kukaa humo miaka 20, 30 au zaidi kabla ya kudai roho yake. Siku hiyo ikifika, meli imekwisha kuwa nondo ndani ya ukuta wa nyumba ya mtu, na hakuna anayekumbuka hata jina lake.

Zamani kazi ya kuvunja meli ilifanywa sana katika bandari za nchi zilezile zilizoziunda. Kadiri ujira ulivyopanda huko na masharti ya usalama yalivyokazwa, kazi ilihama. Ilikwenda Asia ya Mashariki, ambako Kaohsiung katika kisiwa cha Taiwan iliongoza kwa muda, kisha ikateremka hadi Asia ya Kusini. Huko Chittagong, husimuliwa kwamba tufani ya mwaka 1960 iliitupa ufukweni meli moja ya Kigiriki. Iliposhindikana kuielea tena, ilikaa hapo miaka kadhaa hata wenyeji walipoikata na kuuza chuma chake. Huko Gadani, karibu na Karachi, biashara hiyo ilikuwa imestawi kabla ya Alang kusikika. Na Alang yenyewe, katika ufukwe wa Kathiawar, ilipokea meli yake ya kwanza mwaka 1983.

Kathiawar si jina geni katika visiwa vya Waswahili. Kutoka pwani hiyo na ile ya Kachi jirani yake, vyombo vilishuka na kaskazi vikaleta nguo na wafanyabiashara, vikarejea na kusi vikiwa na pembe na karafuu. Ghuba ya Khambhat, ilipo Alang, ina tofauti kubwa mno ya maji kujaa na kupwa, takriban mita 10, na ufukwe wake ni mpana wenye mteremko mdogo. Sifa hizo ndizo zilizoufanya uwe makaburi. Nahodha wa mwisho hungojea bamvua, akaielekeza meli nchi kavu na kuisukuma kwa nguvu zote za mashine mpaka mkuku ukwame matopeni. Maji yakitoka, meli imesimama juu ya mchanga, na watu wanaiendea kwa miguu wakiwa na moto wa gesi wa kukatia. Ni kule kupweleza kulekule kwa jahazi, ila hakuna bamvua la kurudi.

Haitakuwa haki kuieleza kazi hiyo kama balaa tupu. Karibu kila kitu cha meli hupata mnunuzi: chuma huyeyushwa na kusubuliwa kuwa nondo, na injini, vitanda, sahani na makochi hujaza maduka ya njia ya kwenda Alang. Chuma kilichotumika tena huokoa mawe ya madini yasichimbwe na makaa yasichomwe. Maelfu ya watu kutoka majimbo maskini ya India kama Odisha, Bihar na Uttar Pradesh walikula na kusomesha watoto kwa kazi hiyo. Lakini kwa miaka mingi walifanya kazi bila viatu vya kazi wala kinga ya pua, wakiangukiwa na mabamba ya chuma na kuunguzwa na gesi zilizobaki matangini. Tarehe 1 Novemba 2016, meli ya mafuta ililipuka Gadani ikaua watu wasiopungua 26. Mafuta na rangi, kwa upande wao, vilikwenda na maji yalipopwa, kwa kuwa mchanga hauna sakafu ya kuvizuia.

Sheria ilichelewa kufika, na ilipofika ilikuta swali gumu: meli inayokwenda kufa ni chombo au ni taka? Mkataba wa Basel, uliopitishwa mwaka 1989 na kuanza kutumika 1992, uliweka masharti makali juu ya kusafirisha taka za sumu toka nchi moja hadi nyingine. Nyongeza yake ya mwaka 1995, iliyokusudiwa kuzizuia kabisa nchi tajiri zisipeleke taka hizo katika nchi maskini, ilingoja hadi Desemba 2019 ndipo ikapata nguvu. Lakini taka huwa na mtu aliyeitoa na nchi ilikotoka, ilhali meli huweza kuamua ikiwa katikati ya bahari kwamba imekwisha kuwa taka. Mwenyewe huiuza kwa dalali alipaye fedha taslimu. Dalali huibadili jina, na mara nyingi huibadili bendera pia kwa ajili ya safari hiyo moja tu. Miongoni mwa bendera zilizopepea sana juu ya meli za namna hiyo ni za Palau, Saint Kitts na Nevis, na Komoro, visiwa vya jirani kabisa na vya Waswahili. Hivyo maiti hufika ufukweni ikiwa na jina ambalo haikuitwa ilipokuwa hai, na nchi ambayo haikuwahi kutia nanga.

Kadhia iliyolifumbua macho Shirikisho la Ulaya ni ya meli ambayo haikuweza kujificha hivyo, kwa sababu mwenyewe alikuwa dola. Clemenceau, manowari ya Kifaransa ya kubebea ndege yenye urefu wa mita 265, ilishushwa majini mwaka 1957 na kuanza utumishi 1961. Maji ya Bahari ya Hindi iliyajua vyema, kwani ilikuwapo nje ya Djibouti nchi hiyo ilipopata uhuru mwaka 1977, na ilirudi pande za Ghuba katika miaka ya 1980. Ilistaafishwa mwaka 1997. Mwaka 2003 iliuzwa kwa kampuni ya Kihispania ili ivunjwe Uhispania, lakini ilionekana inakokotwa kuelekea Uturuki, na Ufaransa ikavunja mkataba. Ikarudishwa Toulon, sehemu ya asbesto yake ikaondolewa, na tarehe 31 Desemba 2005 ikaanza kukokotwa kwenda Alang. Haikuwa tena na jina, bali ilitajwa katika hati kuwa ganda lenye namba Q790.

Mgogoro ulihusu jambo moja jepesi kulitaja: ni asbesto kiasi gani iliyobaki ndani? Serikali ilitaja tani 45. Kampuni iliyopewa kazi ya awali ya kuiondoa ikasema ni mamia ya tani. Hakuna hati iliyoweza kuwapatanisha, kwa kuwa hakuna aliyeweka orodha kamili tangu meli ilipoundwa. Misri iliizuia kwa siku kadhaa isiingie mfereji wa Suez. Wanaharakati waliipanda baharini. Mahakama Kuu ya India, ambayo mwaka 2003 ilikuwa imekwisha kuamuru kwamba meli zisafishwe sumu kabla ya kuletwa, iliizuia isikaribie maji ya nchi hiyo huku ikisikiliza wataalamu. Tarehe 15 Februari 2006, baraza la juu la sheria la Ufaransa lilisimamisha uhamisho huo, na siku hiyohiyo Rais Jacques Chirac akaamuru meli irudi nyumbani. Ikateremka Bahari ya Hindi, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na ikafika Brest mwezi Mei, katika bandari ileile ilimoundwa. Mwenda tezi na omo alikuwa amerejea ngamani.

Mwaka 2009 Clemenceau ilipelekwa Hartlepool, Uingereza, ikavunjwa ndani ya chelezo kilichofungwa, ambamo maji machafu hayakuwa na njia ya kutokea. Kufikia mwisho wa mwaka 2010 kazi ilikuwa imekamilika. Ikadhihirika kwamba meli kubwa yenye sumu inaweza kuzikwa kwa heshima, mradi awepo mtu wa kulipa gharama na wa kukiri kwamba maiti ni yake.

Mwezi Mei mwaka huohuo wa 2009, mataifa yaliyokutana Hong Kong yalipitisha mkataba wa kusimamia uvunjaji wa meli. Kiini chake ni karatasi: kila meli iwe na orodha ya vitu vya hatari vilivyomo, itunzwe tangu kuundwa hadi kuvunjwa, na karakana isiruhusiwe kuipokea meli bila mpango wa kuivunja meli hiyo hasa. Ili mkataba upate nguvu, zilitakiwa nchi zisizopungua 15 zenye asilimia 40 ya ukubwa wa meli za biashara duniani, na zenye uwezo wa kutosha wa kuvunja. Shirikisho la Ulaya halikungoja. Mwaka 2013 lilitunga kanuni yake, likaandaa orodha ya karakana zinazokubalika, na tangu mwisho wa mwaka 2018 meli zenye bendera za nchi zake haziruhusiwi kuvunjwa kwingine. India ilijiunga na mkataba mwaka 2019. Bangladesh na Liberia zilijiunga mwezi Juni 2023, zikakamilisha hesabu, na tarehe 26 Juni 2025, miaka 16 baada ya kupitishwa, mkataba wa Hong Kong ukaanza kutumika.

Miaka 16 ndiyo iliyokaa Glasgow mbele ya kasri. Katika muda huo karakana nyingi za Alang zilijenga sakafu za zege na mifereji ya kukusanyia mafuta, zikawapa watu kofia, viatu na mafunzo. Hayo ni mabadiliko ya kweli. Hata hivyo mkataba haukatazi kupweleza, na bendera bado hubadilishwa kwa safari moja. Tena mna pengo ambalo msomaji wa historia hii hawezi kulipita kimya: mkataba hauzihusu manowari. Clemenceau, iliyosaidia kuuzaa, isingebanwa nao.

Pengo hilo lilijionyesha wazi kwa ndugu yake. Foch iliundwa kwa ramani moja na Clemenceau, ikaanza utumishi mwaka 1963, na mwaka 2000 ikauzwa Brazili, ikaitwa São Paulo. Ilipostaafu ilinunuliwa na karakana ya Uturuki, ikaanza kukokotwa kutoka Rio de Janeiro mwezi Agosti 2022. Orodha ya sumu zake ilikuwapo safari hii, lakini iliandaliwa baada ya kukaguliwa sehemu tu ya vyumba vyake, na waliomjua ndugu yake waliitilia shaka. Meli ikiwa karibu na Gibraltar, Uturuki iliondoa ruhusa. Iliporudi Brazili haikukubaliwa kutia nanga bandarini. Kwa miezi ikawa inakokotwa huku na huku nje ya pwani ya Pernambuco, ikizidi kuingia maji. Jioni ya tarehe 3 Februari 2023, wanamaji wa Brazili waliizamisha kwa makusudi, kilomita zipatazo 350 kutoka nchi kavu, katika kina cha mita 5,000 hivi.

Mmoja alipata chelezo, mwingine akapata kilindi. Chuma chao kilikuwa kimoja na sumu yao ilikuwa moja, na sheria iliyosimama baina yao haikumgusa hata mmoja. Kilichowatenga ni kwamba mmoja alidaiwa na watu wengi, mahakamani na barazani, mpaka mwenyewe akaona haya ya kumtelekeza. Mwingine alisukumwa kutoka mlango hadi mlango mpaka ikaonekana bahari haiulizi hati. Zaidi ya miaka 100 baada ya mabaki ya Glasgow kutupwa majini, desturi ya mwaka 1912 bado ilikuwa hai.