Jina la nne kwenye jalada

Ripoti LA-1940 ya maabara ya Los Alamos, katika jimbo la New Mexico, Marekani, ilitoka Mei 1955. Jalada lake lina orodha mbili za majina. Ya kwanza inataja waliofanya kazi: Fermi, Pasta, Ulam na Tsingou. Ya pili inataja walioandika ripoti: Fermi, Pasta na Ulam. Enrico Fermi, anayeongoza orodha zote mbili, alikuwa ameshafariki tangu Novemba 1954. Kwa hiyo marehemu alihesabiwa mwandishi, na Mary Tsingou aliyekuwa hai, tena mfanyakazi wa maabara hiyohiyo, akaambulia shukrani chini ya ukurasa.

Tusimwonee Fermi, maana swali lilikuwa lake. Tangu ujana wake miaka ya 1920 lilimkereketa: nishati ikiingizwa upande mmoja wa kitu, inasambaaje mpaka kila sehemu ipate fungu lake? Chukua uzi wa udi. Ukiupiga, unatikisika mtikisiko mmoja mkubwa, na juu yake mingine midogo mingi. Tuseme nishati yote imewekwa kwenye ule mkubwa, na uzi wenyewe una ukaidi kidogo, haurudi kwa nguvu inayolingana sawasawa na ulivyovutwa. Wanafizikia waliamini kwamba baada ya muda mitikisiko yote ingegawana nishati hiyo. Waliamini tu, kwa sababu hesabu zake hazikuwa za kumalizwa kwa kalamu na karatasi.

Mashine ya kuzimaliza ilikuwepo Los Alamos. MANIAC, kompyuta iliyojengwa chini ya Nicholas Metropolis, ilianza kazi mwaka 1952, na kazi yake kubwa ilikuwa hesabu za bomu la haidrojeni. Fermi, aliyekuwa akifundisha Chicago, alikuja Los Alamos majira ya kiangazi. Akakaa na Stanislaw Ulam, mwanahisabati kutoka Poland, na John Pasta, mwanafizikia aliyewahi kuwa askari polisi wa doria mjini New York baada ya kukatiza masomo kwa ukata. Watatu hao wakakubaliana kuiuliza mashine swali lisilohusu bomu lolote: chembe zisizozidi 64, zimepangwa mstari mmoja, zimeunganishwa kwa springi zenye ukaidi ule. Huo ndio mmoja wa mizizi ya fizikia ya kompyuta, ambamo jaribio hufanywa ndani ya mashine, bila kifaa kingine mezani.

Aliyeiuliza hasa ni Tsingou. Alizaliwa Milwaukee mwaka 1928 katika familia ya Kigiriki, akapitisha sehemu ya utoto wake Bulgaria, akaajiriwa Los Alamos mwaka 1952, wakati vita vya Korea vimewachukua vijana wengi wa kiume. Yeye na mwenzake Mary Hunt walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuiandikia MANIAC programu. Lugha ya Fortran ilikuja mwaka 1957. Kabla ya hapo mwandishi wa programu alishuka mpaka kwenye amri za mashine yenyewe, hatua moja baada ya nyingine, na kosa moja likaharibu kazi nzima. Fermi na Ulam walijua wanachotaka kuuliza. Tsingou alijua mashine inavyoulizwa.

Jibu likawashangaza wote. Mwanzoni nishati ilisambaa kama ilivyotarajiwa. Inasimuliwa kwamba siku moja hesabu ziliachwa ziendelee kuliko ilivyopangwa, na walipotazama wakakuta nishati karibu yote imerudi ilikoanzia, kwenye ule mtikisiko mkubwa. Mwaka 1965 Norman Zabusky na Martin Kruskal, wakilifuatilia fumbo hilo, walieleza mawimbi yanayopitana bila kuharibiana, wakayaita solitoni. Tawi zima la sayansi likachipuka hapo, nalo tatizo lenyewe likaitwa FPU, herufi tatu za wanaume watatu.

Wapo wanaosema ndivyo mambo yalivyokuwa zama zile, kwamba mwandishi wa programu alionwa kama karani wa hesabu. Utetezi huo haunitoshi. Jalada lenyewe linakiri kuwa kazi ilifanywa na wanne.

Na mambo hayakuwa hivyo kila mahali. Mwaka 1969 jarida la Physics Education lilichapisha makala kuhusu maji ya moto yanayowahi kuganda kuliko ya baridi. Erasto Mpemba alikuwa ameliona jambo hilo mwaka 1963 akitengeneza aiskrimu, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba. Majaribio ya maabara yalisimamiwa na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, lakini jina la Mpemba ndilo lililotangulia, na humo Mpemba anasimulia mwenyewe yaliyomkuta. Wanafizikia wanabishana mpaka leo kama maji hufanya hivyo kweli. Makala ni ya nani, hakuna anayebisha.

Tsingou hakuliacha tatizo lake. Mwaka 1972 yeye na James Tuck walichapisha hesabu ndefu zaidi, zikionyesha kwamba hata kule kurudi kwa nishati kuna mzunguko wake mkubwa. Lakini alikuwa ameolewa mwaka 1958, na makala ikatoka kwa majina ya Tuck na Menzel. Wasomaji hawakuwa na njia rahisi ya kujua kwamba Menzel huyu ndiye Tsingou wa mwaka 1955. Thierry Dauxois, mwanafizikia wa Lyon, Ufaransa, ndiye aliyeunganisha majina hayo mawili hadharani kwenye jarida la Physics Today mwaka 2008, akapendekeza tatizo liitwe FPUT. Wakati huo Tsingou alikuwa bado anaishi Los Alamos.