Mji Uliozaliwa na Tahajia Iliyopinda

Wazee wa Eldoret bado wanauita mji wao Sisibo. Jina hilo lilitoka kwenye shamba namba 64 la walowezi, ambako serikali ya kikoloni ilifungua posta mwaka wa 1910. Walowezi waliitaja namba hiyo kwa Kiingereza, wenyeji wakaipokea kwa ndimi zao, ikawa Sisibo. Mwaka wa 1912 mji ukapewa jina rasmi: likachukuliwa neno la Kimaasai, eldore, linalohusishwa na mto wenye mawe, likatiwa herufi t mwishoni ili lisikike Kinandi. Majina yote mawili yamepinda kutoka yalikoanzia, na hilo la pili ndilo lililoandikwa kwenye hati ya jiji Agosti 15, 2024.

Naikumbuka historia hiyo kila ninapoona kijana wa mji huu akichekwa kwa sababu ya herufi. Mambo huenda hivi. Kijana anayejifunza kutengeneza redio na televisheni, pengine kwenye kibanda cha jua kali, pengine mezani kwao nyumbani, anawaandikia wenzake mtandaoni: kapasita ya bodi imefimba, naweza kupatilisha na ya volti ngapi? Swali ni zuri na jibu lake ni fupi: tafuta yenye maikrofaradi zile zile, volti zisipungue zile za awali, na usigeuze chanya na hasi. Lakini kabla jibu halijafika, mmoja amemuuliza alisomea wapi, wa pili amelicheka hilo "fimba", wa tatu amemtetea kwa matusi, na katikati yao mtu ambaye hajawahi kushika waya ameweka tangazo la utabiri wa mechi za kubashiri. Kijana ananyamaza. Kesho yake anabahatisha, na bodi ya mteja inaungua.

Wengi wanadhani kero hii ilikuja na simu za mkononi. Ina umri wa zaidi ya karne moja. Ilianza pamoja na wapenzi wa kwanza wa vyombo vya mawasiliano, na kila kizazi kilichoipata kililazimika kuitafutia dawa. Dawa hizo zipo, na mafundi wa Eldoret wana haki ya kuzijua.

Mzee na rungu lake

Mwanzoni mwa karne ya 20, vijana wa Marekani na Ulaya walianza kujitengenezea mitambo ya redio nyumbani. Mawimbi hayakuwa na mipaka wala foleni. Mmoja akizungumza, wengine kumi walimwingilia, na meli baharini zilishindwa kusikilizana. Baada ya meli ya Titanic kuzama Aprili 1912, Marekani ilipitisha sheria mwaka huo huo: kila mwendeshaji awe na leseni na alama ya wito, na wapenzi wa redio wa ridhaa wasogezwe kwenye mawimbi ya urefu wa mita 200 kushuka chini, ambayo wakati huo yalionekana hayana faida. Vijana hao hawakukata tamaa. Desemba 1921 ishara zao zilivuka Bahari ya Atlantiki hadi Scotland.

Lakini sheria haikuwafundisha adabu. Katika QST, jarida la wapenzi hao wa redio, mwandishi aliyejiita Mzee, akitia sahihi ya herufi T.O.M., alilalamika kwa hasira juu ya watu waliojaza mawimbi kwa porojo, kwa kuingiliana na kwa vifupisho visivyoeleweka. Mwaka wa 1917 alikitaja chombo cha kubuni kiitwacho Wouff Hong, cha kuwaadhibu waendeshaji wabaya, na mwaka wa 1919 chombo chenyewe, cha mbao na cha kutisha kukitazama, kikapelekwa kwa viongozi wa chama chao, ARRL. Ni baada ya Hiram Percy Maxim, mmoja wa waanzilishi wa chama hicho, kufariki mwaka wa 1936 ndipo wasomaji walipojua kwamba Mzee alikuwa yeye.

Rungu la mbao halikumtuliza mtu. Kilichosaidia ni mambo matatu. La kwanza ni jina: kila aliyefungua kinywa hewani alipaswa kutaja alama yake ya wito, kwa hiyo mwenye matusi alijulikana. Kenya ya kikoloni ilipewa alama zinazoanza na VQ4, Tanganyika VQ3, Uganda VQ5 na Zanzibar VQ1. Baada ya uhuru Kenya ikawa 5Z, Tanzania 5H na Uganda 5X, na hadi leo mwendeshaji wa ridhaa wa Kenya hujulikana duniani kwa alama inayoanza na 5Z4. La pili ni lugha ya pamoja. Vifupisho vya herufi Q, vilivyokubaliwa kimataifa London mwaka wa 1912, vilimwezesha Mrusi kuelewana na Mbrazili bila yeyote kumcheka mwenzake: QRM ni kuingiliwa, QTH ni mahali ulipo, na, ingawa haina herufi Q, 73 ni salamu za kuagana. La tatu ni maadili. Mwaka wa 1928 Paul Segal aliandika kanuni sita za mwendeshaji wa ridhaa, na ya kwanza inamtaka asitumie mawimbi kwa namna inayowapunguzia wengine furaha yao. Zaidi ya hayo, kanuni za kimataifa zilikataza kufanya biashara kwenye masafa ya ridhaa. Mwenye duka alikuwa huru kuzungumza na wenzake juu ya redio, lakini si kuuza bidhaa.

Tangazo la kwanza

Kompyuta zilipounganishwa, mipaka hiyo haikuhama nazo. Mei 3, 1978, Gary Thuerk, mfanyakazi wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC, aliwatumia watu wapatao 400 mwaliko wa kuja kutazama mashine mpya huko California. Hawakuwa wameuomba, na wengi walikasirika. Huo ndio unaohesabiwa kuwa ujumbe taka wa kwanza wa barua pepe.

Wa pili katika historia hii unatugusa Wakenya moja kwa moja. Aprili 12, 1994, mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walisambaza tangazo moja katika vikundi zaidi ya 5,000 vya mazungumzo ya kompyuta, viwe vya sayansi, muziki au ufundi. Tangazo lilihusu bahati nasibu ya Green Card, ile ile ambayo Wakenya wengi wamepanga foleni kwenye saiba kuijaza. Mawakili walitaka malipo kwa kazi ambayo mtu angeweza kujifanyia mwenyewe. Watu waliojibu kwa hasira walikuwa wengi kiasi cha kuziangusha mashine za kampuni iliyowapa mawakili hao intaneti, na mwaka wa 1997 Canter akafutiwa uwakili katika jimbo la Tennessee.

Tangu hapo mbinu haijabadilika. Anayetuma jumbe taka hutafuta mahali watu wanapoaminiana, kisha huuza ndani ya imani hiyo. Mafundi wanaaminiana kwa sababu kazi yao ni ya kusaidiana: mmoja ana mchoro wa saketi, mwingine ana kipuri, wa tatu amewahi kuliona tatizo lile lile. Tangazo la mikopo au la kubashiri linapopandwa humo, kinachoibwa ni utayari wa watu kusoma ujumbe unaofuata, na swali la mwanafunzi hupita bila kuonekana.

Herufi inayoua na herufi isiyoua

Ugomvi wa tahajia nao si mgeni katika lugha yetu. Mmisionari Krapf, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844, aliandika Kiswahili cha huko, mmisionari Steere akaandika cha Unguja, na wafuasi wa kila upande wakavutana kwa miaka mingi. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka wa 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya maeneo manne, Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar, ili kusimamia tahajia moja. Uamuzi huo ulituwezesha kusoma vitabu vile vile kutoka Kisumu hadi Mtwara. Pia ulifanya wapenzi wa Kimvita, lahaja ya Mombasa yenye hazina kubwa ya ushairi, wahisi kwamba kinywa chao kimetangazwa kuwa kosa.

Mafundi wa elektroniki nao walikuwa na mageuzi yao ya tahajia, na yanafaa kuigwa kwa sababu yalitokana na kulindana. Nukta ya desimali hufutika kwa urahisi kwenye mchoro uliochapishwa vibaya, na rezista ya kilo-omu 4.7 ikasomwa 47. Kwa hiyo wakakubaliana kuweka herufi mahali pa nukta na kuandika 4K7. Michoro ya zamani pia iliandika maikrofaradi kwa MF au mfd, na anayeisoma leo bila kujua hilo anaweza kukosea mara elfu moja au zaidi. Herufi m ndogo ni mili, M kubwa ni mega. Kati ya miliomu moja na megaomu moja kuna tofauti ya mara bilioni moja.

Hapa ndipo penye kipimo ninachokiamini. Kosa la herufi linaloweza kuchoma bodi au kumuua mtu kwa stima ya volti 240 lazima lisahihishwe, papo hapo, kwa upole na kwa sababu. Kosa lisilobadilisha maana halina haja ya polisi. Kapasita "iliyofimba" imevimba vile vile, na kila fundi aliyesoma sentensi ile aliielewa.

Katika Eldoret kuna sababu nzito zaidi ya kutocheka. Kikalenjin hakitenganishi p na b, t na d, k na g kama Kiswahili kinavyofanya, wala hakina sauti v. Kikuyu hakina l na r kama sauti mbili. Anayeandika jinsi anavyotamka hubeba lugha ya mama yake kwenye herufi zake. Kwa hiyo kumcheka mtu kwa "patilisha" au kwa "redio hairii" mara nyingi ni kumcheka kwa kabila lake, hata kama anayecheka anajiita mlinzi wa lugha.

Januari 2008

Mji huu unajua kejeli za namna hiyo zinaweza kufika wapi. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, liliteketezwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wakiwemo wanawake na watoto. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika ghasia za baada ya uchaguzi. Siku hizo hizo, maneno ya chuki yalitiririka kwa jumbe za simu na mtandaoni. David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani, ndiye aliyeanzisha Mashada, uwanja mkubwa wa mazungumzo ya Wakenya. Ulipofurika matusi ya kikabila yasiyoweza kudhibitiwa tena, aliufunga mwishoni mwa Januari.

Mwezi huo huo Kobia, pamoja na Ory Okolloh, Erik Hersman na Juliana Rotich, walijenga Ushahidi, programu iliyokusanya taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani. Baadhi ya watu wa timu hiyo walikuja kutengeneza BRCK, kifaa cha kuunganisha intaneti chenye betri yake, kilichotafutiwa fedha hadharani mwaka wa 2013, kwa ajili ya mahali ambapo stima hukatika. Watu walioshuhudia mazungumzo yakigeuka sumu waliamua kujenga chombo cha kufanyia kazi, na Ushahidi ikatumika hata mbali na Kenya.

Nchi nayo iliweka sheria. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 ilifanya uchochezi wa chuki za kikabila kuwa kosa la jinai, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazuia kutumia taarifa za mtu kibiashara bila ridhaa yake. Kampuni ya WhatsApp nayo mwaka wa 2019 iliweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa watu au vikundi vitano kwa mara moja, na mwaka wa 2020 ikakipunguza hadi mtu au kikundi kimoja kwa ujumbe uliosambazwa mno.

Lakini sheria ya bunge haitaingia mtandaoni kila jioni kumtetea kijana wa kapasita. Kazi hiyo ni ya wenye ufundi wenyewe, na historia imeshaonyesha inavyofanywa: watu wajulikane kwa majina yao, biashara isiyohusika iondolewe bila kubembelezwa, na awepo mtu mzima anayesimamia adabu. Eldoret ina chuo kikuu, ina taasisi za ufundi, na ina vibanda ambako redio zilizotupwa na wengine hurudishiwa sauti. Maarifa hayo yatapotea mikononi mwa wachache ikiwa anayeanza ataona aibu kuuliza.

Kwa hiyo ndugu fundi, ukiliona swali lenye herufi zilizopinda, jibu swali kwanza. Kama kuna neno la kusahihisha, liandike vizuri ndani ya jibu lako, naye atalisoma na kulishika bila kuumbuliwa. Na kama hujui jibu, mwachie nafasi anayelijua. Kijana huyo anaweza kuwa ndiye atakayekutengenezea redio yako kesho, katika mji ambao wazee wake wanauita Sisibo.